Mbwa Mwenye Mimba na Watoto Wake

Maneno yetu ya usiku huu ni juu ya mbwa. Twajua ya kuwa wako watakaoguna. Sisi watu wa delta ya Rufiji, wa Maparoni, Salale na Mbuchi, wengi wetu ni Waislamu. Mbwa hatumwingizi nyumbani, na chombo alichokiramba twakiosha mara saba, moja kwa udongo. Hayo yana mahali pake, wala hatukuja kuyabishia. Lakini ni nani miongoni mwetu alimaye mpunga asiyemhitaji mbwa? Nguruwe huja usiku, akaliingia shamba ambalo mtu amelitolea jasho lake miezi mingi, na alfajiri ikipambazuka hakuna kilichosalia ila matope yaliyofukuliwa. Mlinzi aliye juu ya dungu na debe lake la kupiga hawezi kuona pande zote. Mbwa ndiye asikiaye kwanza. Mchana ndiye awafukuzaye tumbili na nyani. Kwa hiyo nyumba iliyokosa mbwa mwaka huu huenda ikakosa wali mwaka ujao, na jambo hili si la mzaha.

Mwaka mmoja mbwa jike wetu alizaa watoto saba wazima, wanene, nasi tulikwisha kuwagawa kwa maneno: huyu wa mjomba, huyu wa jirani wa ng'ambo ya mto. Siku ya nane mmoja aliacha kunyonya. Akalia mchana kutwa, kilio chembamba kisichokoma, na tumbo lake likiguswa alijikunja. Kinyesi chake kilikuwa laini, rangi ya manjano iliyoingia ukijani. Kesho yake alikufa, na wengine wawili wakaanza kulia vivyo hivyo. Hata siku ya kumi na mbili alikuwa amebaki mmoja tu. Mama yao alikuwa mzima kabisa; alikula, alibweka, na maziwa yalimjaa. Mzee mmoja akatuambia, "Wanangu, watoto wenu wameonwa." Wengine walisema maziwa ya mama yameharibika, na tukashauriwa kumwua. Twashukuru kwamba hatukufanya haraka.

Tulipopata nafasi ya kuvuka kwenda bara tulimweleza bwana mifugo habari yote. Alituuliza maswali mawili tu. La kwanza: je, katika majuma ya mwisho ya mimba, mbwa huyu alikutana na mbwa wageni? Naam, alikutana nao. Tulimpakia mtumbwini, tukaenda naye kuwinda nguruwe pamoja na mbwa wa vijiji vitatu. La pili: watoto walilala wapi? Walilala juu ya ardhi tupu, upande unaopigwa na upepo wa kusi. Akasema dalili hizo zafanana sana na ugonjwa wa virusi vya hepesi vya mbwa, ingawa pasipo kupima katika maabara hakuna awezaye kuapa.

Virusi ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Hivi vya hepesi ya mbwa ni vya jamaa moja na vile viletavyo tetekuwanga kwa watoto wetu, lakini vyenyewe havimdhuru mwanadamu. Ni vya mbwa na jamaa zake. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na wataalamu mwaka 1965 katika Marekani, miongoni mwao Leland Carmichael wa Chuo Kikuu cha Cornell. Mbwa mkubwa akivipata huenda asionyeshe lolote ila kamasi kidogo, au hata hiyo asiwe nayo. Vikiisha kuingia haviondoki tena. Hujificha mwilini maisha yake yote, na mara nyingine huamka mnyama akichoka au akisumbuliwa. Huambukizwa kwa pua kwa pua, kwa kurambana, na kwa kupandana. Mtoto huweza kuvipata tumboni, au apitapo kuzaliwa, au kwa pua ya mama yake amrambapo.

Mtauliza, kwa nini basi mkubwa apone na mchanga afe? Hapa pana jambo la ajabu, nasi twapenda vijana wa shule walishike. Virusi hivi hupenda ubaridi. Mwili wa mbwa mkubwa una joto la digrii 38 hadi 39, na katika joto hilo havistawi vizuri. Lakini mtoto wa mbwa katika juma la kwanza mwili wake hauna joto kama hilo. Huwa chini ya hapo kwa digrii mbili au tatu, wala hawezi kutetemeka ili ajipashe moto. Joto lake ni la mama yake na la nduguze. Akilala mahali pa baridi, mwili wake huwa shamba zuri kwa virusi, navyo huingia katika figo, ini na mapafu. Akiisha kupita juma la tatu nguvu zake huongezeka, na akiambukizwa baada ya hapo kwa kawaida hapati madhara makubwa.

Kuna na jambo la pili, nalo ni dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza. Mama aliyeugua zamani ana kinga katika damu yake, na kinga hiyo huitia katika dang'a. Mtoto huipokea kwa kunyonya siku ile ile ya kwanza. Saa zikizidi, matumbo yake hayawezi tena kuipitisha. Basi mbwa wa kuhofiwa zaidi ni yule asiyepata kuugua kabisa, akaambukizwa kwa mara ya kwanza mwisho wa mimba. Kinga yake haijawahi kuwa tayari, na watoto wanakuja. Ndiyo maana si haki kumwua mama aliyefiwa na watoto kwa ugonjwa huu: mara nyingi uzao wake wa pili husalimika.

Kutokana na hayo bwana mifugo alitupa hesabu moja rahisi: majuma matatu kabla ya kuzaa, na majuma matatu baadaye. Mimba ya mbwa ni siku 63, au karibu yake. Andika ukutani kwa mkaa siku aliyopandwa. Siku 40 zikiisha, mtenge. Asiende kuwinda, asipakiwe mtumbwini, asikutane na mbwa wa jirani wala mbwa mwingine wa nyumba ile ile atokaye na kurudi. Kwetu visiwani jambo hili ni jepesi kuliko mjini, kwa kuwa maji yenyewe ni ukuta, na mbwa hulala nje hata hivyo. Jengeni kibanda kidogo shambani au nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka. Asiachwe azalie chini ya mikoko. Bamvua likija litawachukua watoto wote, na mamba naye si mgeni huko.

Juu ya kibanda hatuna maneno mengi: upande wa kusi uzibwe kwa makuti, na chini pawe na majani makavu, na juu yake gunia kuukuu. Gunia likilowa libadilishwe. Usiku wa baridi jazeni chupa maji ya moto, izibwe sana, izungushwe kitambaa, iwekwe kando ya watoto. Msiweke makaa, tumeona kibanda kilichoteketea. Kipimo cha joto ni watoto wenyewe. Wakirundikana na kulia wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake na kuhema, wamezidi joto. Wakilala kimya bega kwa bega, waacheni.

Amwangaliaye awe mtu mmoja. Akiwa ameshika mbwa wengine anawe kwa sabuni kabla ya kumwendea, abadilishe na kanzu au kikoi. Hapo virusi vya hepesi ni dhaifu: sabuni huviua, jua huviua, wala havikai sana nje ya mwili. Si kama virusi vya parvo, viletavyo kuhara damu kwa watoto wa mbwa walioachishwa, ambavyo hukaa udongoni miezi mingi na havijali sabuni. Hivyo vyataka dawa ya klorini, kipimo kimoja katika maji vipimo 30.

Dawa ya kumponya mtoto aliyekwisha kuanza kulia kwa hepesi haiko ya kutegemewa. Katika Ulaya iko chanjo apewayo mama wakati wa mimba, lakini mtu wa Maparoni asikae kuingojea. Chanjo za magonjwa mengine ni habari nyingine. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa, ndugu wa sotoka ya ng'ombe, uliingia Serengeti ukaua simba wapatao 1,000, kama theluthi moja ya wote, na wataalamu waliona kwamba chanzo chake ni mbwa wa vijiji vya kandokando. Ikiwa simba hakustahimili, mtoto wa mbwa atastahimilije? Chanjo ya distempa na parvo mama apewe kabla ya kupandwa, si akiwa na mimba, kwa kuwa virusi vilivyomo ni hai ingawa vimedhoofishwa. Watoto waanze wakiwa na majuma sita hadi manane, kisha warudiwe kila baada ya majuma matatu au manne mpaka majuma 16.

Ya kichaa cha mbwa ni tofauti, maana virusi vyake katika chanjo vimekwisha kuuawa. Tangu mwaka 2010 kampeni za kuchanja zilipita katika wilaya za kusini-mashariki ya Tanzania na katika Pemba, na wengi waliwaficha majike wenye mimba na watoto wachanga wakidhani haifai. Yafaa. Mama mwenye mimba huchanjwa, na utafiti uliofanywa katika Tanzania na nchi nyingine ulionyesha kwamba watoto walio chini ya miezi mitatu nao hupata kinga. Ugonjwa huu ndio uuao watu. Asifichwe hata mmoja.

Mbwa wetu yule alipandwa tena mwaka uliofuata. Tulihesabu siku, tukamtenga, tukamjengea, na mke wa nyumba ndiye aliyekuwa akichemsha maji ya chupa, akinung'unika juu ya kuni. Alizaa watano. Mmoja alikufa siku ya pili, mdogo mno, pengine hakupata kunyonya. Wanne wakafungua macho. Hatuwezi kusema ni kazi yetu peke yake, maana huenda kinga ya mama ndiyo iliyofanya. Juma la nne tuliondoa makuti ya mlangoni, wakatoka nje. Wawili wako shambani hata sasa, mmoja yuko kwa mjomba, na wa nne alivuka mto kama tulivyoahidi.