Maji ya Malaba na Makaburi ya Mafirauni

Mto Malaba upitao mpakani huteremka hata Ziwa Kyoga, na Mto Sio wa upande wa Busia huingia Ziwa Victoria. Maji ya mito yote miwili huishia katika Mto Naili, na Naili ndiyo iliyochukua mawe ya mapiramidi ya Misri. Mafuriko yaliyoinua mashua yalitoka hasa Uhabeshi. Maji ya huku ni mapole, kazi yake kuuzuia mto usipungue mno wakati wa kiangazi.

Piramidi ni kaburi. Wamisri wa kale waliamini ya kuwa Firauni akifa angali mfalme, hivyo mwili wake ulihifadhiwa usioze, na makuhani wakampelekea chakula katika hekalu lililojengwa ubavuni. Wavukao mpaka kwenda Kampala hawatashangaa. Kule Kasubi Makabaka wanne wamezikwa mahali palipokuwa jumba la Mutesa wa Kwanza, lililojengwa mwaka 1882, na pangali panaheshimiwa kama makao ya wafalme.

Piramidi la kwanza lilijengwa Saqqara kwa ajili ya Mfalme Djoser, yapata mwaka 2650 K.K. Mfalme Sneferu alijenga jingine Dahshur, nalo likapindwa katikati, kwa maana mafundi walipunguza mwinamo kabla halijakwisha. Mwanawe Khufu akajenga lile kubwa la Giza, kimo chake mita 146, mawe yake yapata 2,300,000.

Ni nani waliobeba mzigo huo? Kwa muda mrefu ilisemwa ni watumwa. Lakini tangu mwaka 1990 yamefukuliwa huko Giza makaburi ya wajenzi wenyewe, na mifupa mingine ilikuwa imevunjika ikaungwa vizuri. Kazi ilikuwa ya amri, tena ngumu. Hata hivyo mtumwa asiye na thamani hazikwi kando ya mfalme wake.

Mwaka 2013 yakaonekana maandishi pwani ya Bahari ya Sham, juu ya mafunjo, mmea ule ule uotao katika vinamasi vya Sio. Ni daftari la msimamizi mmoja, jina lake Merer, aliyeongoza watu kama 40. Dereva wa lori pale Malaba angelielewa mara moja: leo wamepakia mawe Tura, usiku wamelala mahali fulani, kesho wamefika Giza, wamepakua, wamerudi. Kwa siku kumi walikwenda safari mbili au tatu. Hesabu nyingine zilizokuwa pamoja nalo zaonyesha nafaka na mikate waliyoletewa.