Usalama Mapangoni na Majabalini Wakati wa Mvua



Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga, yamo ndani ya mawe ya chokaa yaliyoumbika chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua, yakipita hewani na udongoni, huchukua hewa ukaa yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo hulila jiwe kidogo kidogo mpaka ufa ukawa njia, na njia ikawa ukumbi. Pango basi ni mfereji wa maji, hata linapoonekana kavu.

Kijana aingiaye humo kwa kandambili na tochi ya simu huliogopa giza, pengine na popo. Mvua inayonyesha mbali haimjii akilini. Mwezi Juni 2018, nchini Thailand, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia katika Tham Luang, pango la chokaa lililo milimani. Mvua ikanyesha, maji yakawafungia njia. Walikaa ndani zaidi ya wiki mbili kabla ya wote 13 kutolewa wakiwa hai. Mpiga mbizi Saman Kunan, aliyewahi kuwa askari wa majini, alifariki baada ya kuwapelekea mitungi ya hewa.

Wazee husimulia kwamba njia za Amboni hufika Mombasa. Upimaji wa mwaka 1994 ulikuta pango lililo refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Masimulizi hayo yana utamu wake, wala hayastahili kutupwa. Ila mita 900 zatosha kumpoteza mtu aliyezimikiwa na taa.

Anayetaka kuingia na afuatane na mwongozaji, avae kofia ngumu, achukue taa za akiba, na awaarifu wa nyumbani saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, taarifa ifikishwe mara moja kwa ofisi ya serikali ya mtaa au polisi. Jirani asijitose kumtafuta bila vifaa. Wapandao majabali nao wajue kwamba chokaa iliyoliwa na mvua ina kingo za kukata kamba, na jiwe linaloonekana imara huweza kung'oka mkononi.

Wakati wa masika, wingu likitanda upande wa Usambara unakotoka Mto Zigi, safari ya pangoni na iahirishwe, hata kama Amboni jua linawaka.