MCHUNGAJI KATIKA NCHI YA KIU



Leo nataka kunena nanyi habari za mchungaji. Neno hili tumelizoea sana. Wakristo wengi humwita kiongozi wa kanisa lao Mchungaji, na askofu hushika fimbo iliyopindika kichwa kama ya mlisha kondoo. Lakini jambo lililozoewa mno husahauliwa maana yake. Mtu akaaye mjini, anunuaye nyama yake buchani, akisikia kwamba Mungu ni mchungaji, huona moyoni malisho ya kijani na mtu aliyeketi kivulini akipiga filimbi. Picha hiyo ni nzuri, ila haitoshi. Basi twendeni Turkana, tukamtazame mchungaji akiwa kazini.

Kutoka Lodwar, penye mto Turkwel, hata Kakuma, penye mto Tarach, ni mwendo wa maili 75 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Nchi ni mawe, mchanga na miiba. Siku nyingi za mwaka mto Tarach hauna maji juu ya mchanga, yako chini. Kadiri ukame unavyozidi, ndivyo kisima kinavyozidi kwenda chini, hata watu kadhaa hulazimika kusimama shimoni, mmoja juu ya mwenziwe, wakipokezana maji mpaka kwenye hori ya mti. Aliye chini kabisa hana hakika kwamba ukuta wa mchanga hautamwangukia. Huo ndio uchungaji. Kondoo hunywa akashiba, naye hamwoni aliyemtekea, kwa kuwa yu shimoni.

Tena mchungaji wa huko hawajui wanyama wake kwa hesabu tu. Humjua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe, na kwa alama ya sikio. Jioni warudipo zizini, huona upesi ni nani aliyekosekana. Ukimwambia mtu huyo kwamba Mungu amjua kila mtu kwa jina lake, hataona ajabu. Atasema kwamba mwenye kundi yampasa kuwa hivyo.

Lakini hapa pana swali gumu, wala si vizuri kulikwepa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika sehemu kavu za Kenya. Wafugaji hawakuwa wavivu. Walichimba, walihama, walitikisa migunga ili matunda yake yaanguke mbuzi wale, na bado mizoga ilijaa njiani. Mtu aliyebaki na fimbo bila kundi ana haki ya kuuliza: Ikiwa Mungu ni mchungaji, mbona sisi twaangamia?

Sina neno la kulifuta swali hilo. Nalijua jambo moja tu, nalo nimelipata kwa mchungaji mwenyewe: wema wake haupimwi kwa kuzuia jua lisiwake. Hupimwa kwa kutoondoka. Injili ya Yohana yataja kibarua akimbiaye amwonapo mbwamwitu, kwa kuwa kondoo si wake. Mwenye kundi hubaki. Mkristo hakuahidiwa nchi isiyo na ukame. Ameahidiwa kwamba aliye shimoni hatatoka akaenda zake.

Injili ya Luka nayo yasimulia habari za mwenye kondoo mia aliyewaacha tisini na kenda akamtafute mmoja aliyepotea. Mfugaji wa Turkana akiisikia, hana budi kuuliza: Hao tisini na kenda wamebaki na nani? Maana fisi wako, na wezi wa mifugo wako. Yeye akipotelewa na mnyama, humwachia ndugu au jirani kundi, ndipo aende. Basi na sisi tujue kwamba atafutaye aliyepotea ahitaji mwenzake wa kubaki na waliosalia.

Jambo hili Kakuma imeliona kwa macho. Mwaka 1992 walifika hapo maelfu ya vijana wa Sudan, wengi wao wana wa wafugaji wa Kidinka na Kinuer. Walikuwa wamekimbilia Ethiopia kwa miguu, na mwaka 1991 wakalazimika kuondoka huko pia. Wengi hawakuwa na baba wala mama karibu. Njiani wakubwa kidogo waliwaongoza wadogo. Watoto waliokuwa wakichunga ndama wakawa wachungaji wao kwa wao. Leo kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000, katika nchi ambayo wenyeji wake nao wana kiu.

Hali kadhalika Lodwar. Mapadre wa kwanza wa Kikatoliki walikuja kukaa huko mwaka 1961, wakati wa njaa kuu, na kazi ya kulisha watu ikaenda pamoja na mahubiri. Hawakuweza kunena habari za mchungaji mwema mbele ya mtu mwenye njaa, kisha wakafunga mlango.

Ndugu zangu, wa shamba na wa mjini, anenaye kwamba Bwana ni mchungaji wake amejitwika kazi. Jioni ya leo, kabla hujafunga mlango wako, tazama nyumbani na kwa jirani. Ni nani aliyekosekana? Ukimjua, nenda ukamtafute. Na kama huwezi kwenda, kaa na watoto wa yule aendaye.