Kondoo Mzee na Mifupa ya Mama Zetu

(Hotuba fupi ya mratibu wa miradi kwa kamati za maendeleo za sharika)



Tunaanza kwa kukiri kosa. Mara nyingi tumemkuta mama mzee aliyejikwaa kwenye kizingiti cha mlango akavunjika nyonga. Tumemwombea, tumempelekea sukari na sabuni, kisha tukasema, "Ni uzee tu." Ofisi yetu nayo ilisema hivyo. Mfupa unaovunjika kwa anguko dogo mara nyingi ni dalili ya osteoporosisi, ugonjwa unaoufanya mfupa uwe na matundu ndani kama mti ulioliwa na mchwa.

Katika miradi yetu ya mifugo, kondoo jike aliyekwisha meno tunamhesabu kuwa hasara. Kumbe huko ng'ambo watafiti wanamtafuta kwa ajili ya ugonjwa huu.

Kwa nini kondoo? Utafiti huanza na panya, lakini mfupa wa panya haujijengi upya kama wa binadamu. Ndiyo maana mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba dawa za ugonjwa huu zijaribiwe kwa panya na pia kwa mnyama mkubwa zaidi. Kondoo jike ana uzito unaokaribia wa mtu mzima, ni mpole, na mfupa wake unatosha kupokea skrubu na vyuma anavyowekewa mgonjwa. Daktari wa mifugo A. Simon Turner wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, aliyewatumia kondoo katika utafiti huu, alichapisha mwaka 2002 makala kuhusu jambo hili.

Kondoo hakomi hedhi kama mwanamke. Kwa hiyo huondolewa ovari kwa upasuaji, ili homoni ya estrojeni ipungue. Lakini upasuaji peke yake hupunguza mfupa kidogo tu. Ili upungue vya kutosha, watafiti humnyima kalsiamu na vitamini D, au humpa dawa za jamii ya steroidi. Mambo hayo hayo humdhoofisha mama yetu: homoni kupungua, chakula duni, na steroidi zinazotumiwa muda mrefu.

Kondoo naye ana mipaka yake. Anatembea kwa miguu minne, tena anacheua, hivyo dawa ya kumeza haifanyi kazi tumboni mwake kama kwetu.

Wapo waliotuuliza kama ni haki kumtesa mnyama. Swali hilo ni la msingi. Mwaka 1959 Russell na Burch waliweka kanuni tatu: tumia njia nyingine inapowezekana, punguza idadi ya wanyama, punguza maumivu yao. Nasi tunaongeza kwamba elimu iliyopatikana kwa gharama hiyo isiishie kabatini.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zifanye mambo matatu. Kwanza, ziorodheshe wazee waliovunjika mfupa kwa anguko dogo, wapelekwe kwa daktari, na waeleze dawa zote wanazotumia. Anayetumia steroidi asiache ghafla bila ushauri wa daktari. Pili, zihimize maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na kutembea kila siku. Tatu, vijana wa usharika wakague nyumba za wazee: kizingiti, taa ya usiku, njia ya kwenda chooni.

Wafadhili wetu, leo hatuombi mashine. Tunaomba nauli ya kumfikisha mzee hospitali kabla hajaanguka mara ya pili.