Njia ya Miguu Nayo ni Barabara: Hotuba kwa Wananchi wa Masafu

 

Huenda wengi wenu mlidhani kwamba sisi askari tungekuja kusema juu ya wizi wa mifugo, magendo, au ugomvi wa mipaka ya mashamba. Hayo yana siku yake. Leo tunaomba tuzungumze juu ya mguu na baiskeli: ni wapi mtu wa Masafu apite, mtoto aendapo shuleni, mama mjamzito aendapo hospitali, na mzee arudipo sokoni jioni akisukuma baiskeli yenye gunia la mihogo.

Mtatuuliza: polisi na vijia vya miguu wapi na wapi? Jibu letu ni hili. Mtu akigongwa barabarani, sisi ndio tunaoitwa kupima alama za matairi na kuufunika mwili. Sisi ndio tunaotumwa kubisha hodi nyumbani kwa wazazi. Tumechoka kubisha hodi hizo. Ni afadhali tuje kwenu mapema, jalada likiwa bado halijafunguliwa.

Tuanze na jambo la kujivunia. Neno boda boda, ambalo leo linatajwa kutoka Mombasa hadi Goma, lilizaliwa katika ukanda wetu huu wa Busia. Katika miaka ya 1960 na 1970, msafiri aliyeshuka kwenye gari upande mmoja wa mpaka alikuwa na mwendo wa kutosha kabla ya kufika upande wa pili. Vijana wa hapa wakaweka mto juu ya keria ya baiskeli, wakawa wanaita abiria, "Boda! Boda!", yaani kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Pikipiki zilikuja baadaye sana. Kwa hiyo baiskeli kwetu haikuwa kamwe kitu cha mchezo, wala alama ya umaskini. Ilisomesha watoto, ikajenga nyumba za mabati, ikaunganisha ndugu ambao mstari wa ramani uliwatenga, maana Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka.

Tangu siku zile mengi yamebadilika. Wilaya ya Busia ilitoka katika Tororo mwaka 1997, na lami imefika mahali palipokuwa na vumbi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa Uganda na Kenya mwezi Februari 2018. Tunayafurahia maendeleo haya, kwani mgonjwa hufika hospitali haraka zaidi, na samaki wa Majanji hufika sokoni kabla hawajaharibika. Lakini lami ilileta pia mwendo wa kasi, na aendaye kwa miguu hakuongezewa nafasi hata hatua moja. Alibaki palepale ukingoni, kati ya lori na mtaro.

Taarifa ya polisi ya Uganda ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliokufa katika ajali za barabarani nchini. Gawanyeni kwa siku za mwaka, mtapata watu kumi na watatu kila siku, na wengi wao ni waendao kwa miguu na waliopanda pikipiki. Duniani kote Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Hao ndio mnaowalipia karo.

Wazee wetu walisema kwamba ajali haina kinga. Tunauheshimu usemi huo. Umefariji waombolezaji wengi. Hata hivyo, sisi tunaoandika majalada tunaona habari nyingine. Kila jalada tulifunguapo hukuta sababu: dereva alipita kwa kasi mbele ya shule, hapakuwa na kivuko, mtaro ulikuwa umejaa majani, mtembeaji akalazimika kukanyaga lami, baiskeli haikuwa na taa, lori liliegeshwa juu ya bega la barabara. Kila moja ya sababu hizo ingeweza kuondolewa na watu walioketi hapa.

Tutoe mfano mmoja tu, wa kasi. Dereva aonapo hatari, hupita kama sekunde moja kabla mguu wake haujagusa breki. Gari liendalo kilomita 30 kwa saa hukata takriban mita 8 katika sekunde hiyo. Liendalo kilomita 50 hukata mita 14. Liendalo 80 hukata mita 22. Sasa mtoto amekimbilia mpira, yuko mita 13 mbele. Gari la kilomita 30, ikiwa breki ni nzima na barabara ni kavu, huwa limekaribia kusimama lifikapo alipo. Gari la kilomita 50 humfikia kabla dereva hajagusa breki. Mtoto ni yule yule, na barabara ni ile ile. Ndiyo maana mawaziri wa mataifa mengi waliokutana Stockholm mwezi Februari 2020 walitaka kasi isizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli.

Tunamkumbuka mama mmoja tuliyemkuta alfajiri kandokando ya lami. Alikuwa ametembea tangu giza, akimbeba mtoto mwenye homa mgongoni, na kila taa za gari zilipotokea alishuka mtaroni, kisha akapanda tena. Tulimuuliza kwa nini hakupita kijia cha ndani, kilicho kifupi. Akajibu: "Afande, kijia kile mtu amekilima." Hatukuwa na la kumjibu. Mama yule hakuvunja sheria yoyote. Ni sisi sote tulioziba njia yake: mwenye shamba aliyelima, jirani aliyenyamaza, kiongozi asiyefuatilia, na askari ambaye hakuwahi kuuliza mpaka asubuhi ile.

Basi tufanye nini? Sheria na sera zipo. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Makazi ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la kupangwa, miji na vijiji pia. Mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya taifa juu ya usafiri usiotumia injini, inayotaka waendao kwa miguu na kwa baiskeli wakumbukwe tangu barabara inapochorwa. Kwa hiyo mwananchi anayeomba njia ya miguu haombi hisani. Anakumbusha ahadi ya serikali yake.

Tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, tutembee kabla ya kuandika. Kila kijiji kichague watu wachache, na miongoni mwao wawepo mwanafunzi, mama auzaye sokoni, mtu mwenye ulemavu na mwendesha baiskeli. Watembee pamoja njia kuu tatu: ya kwenda hospitali, ya kwenda shule, na ya kwenda sokoni. Waandike kila mahali palipowatia hofu, na sababu yake. Wahesabu pia, asubuhi moja ya kawaida na siku moja ya soko, ni wangapi wanapita kwa miguu, wangapi kwa baiskeli, wangapi kwa magari. Mhandisi hawezi kulipuuza daftari lenye hesabu kama anavyoweza kuyapuuza manung'uniko.

Pili, tujue barabara ni ya nani. Barabara kuu za taifa ziko chini ya Wizara. Nyingine ni za wilaya. Na vijia vya jamii viko chini ya serikali ya mitaa iliyo karibu nasi. Kuomba matuta ya barabara kuu katika ofisi isiyohusika ni kupoteza mwaka. Ombi likifika mahali pake, tena likiwa na sahihi za vijiji kadhaa, huwa na uzito.

Tatu, tuwahi kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango yake huanza kujadiliwa miezi mingi kabla. Ajaye mwezi wa Juni na ombi zuri huambiwa asubiri. Orodha yetu ipite LC1, ifike LC3, na iwe mezani mwa wilaya mapema, kabla bajeti haijafungwa.

Nne, tuanze na yasiyohitaji fedha nyingi. Kufyeka majani ya bega la barabara, kuzibua mtaro, kuweka daraja la magogo imara kwenye kijia, kurudisha upana wa njia ya zamani: hayo ni kazi ya pamoja ya kijiji, ile ambayo ndugu zetu Waganda huiita bulungi bwansi. Siku moja kwa mwezi inatosha. Kivuko kilichopakwa rangi, matuta na taa vitafuata bajeti, navyo vitafuata upesi zaidi penye watu walioonyesha nia.

Sasa tuguse jambo gumu. Katika kila mji, njia ya miguu ikishajengwa, wapo wanaoitamani kwa kazi nyingine. Kampala walijenga upya eneo la barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kazi nzuri, yenye somo kwetu, kwamba njia huhitaji kulindwa kila siku, la sivyo pikipiki na meza za biashara huirudia. Hapa kwetu pia kuna akina mama wanaouza nyanya na samaki ukingoni mwa barabara. Hatukuja kuwatisha. Tunajua kwamba meza ile ndiyo chakula cha jioni. Lakini mteja akisimama juu ya lami kununua samaki, muuzaji na mteja wote wako hatarini. Tunaomba viongozi, kabla ya kumhamisha yeyote, wakae na wauzaji wenyewe, wakubaliane mahali ambapo wapitao watawaona na magari hayatawafikia. Mpango unaomfukuza mnyonge ili mnyonge mwingine apite hautadumu.

Na madereva wa malori wanaongoja zamu kuelekea Busia na Malaba, tunawaomba vivyo hivyo: bega la barabara si maegesho. Lori likisimama hapo, mwanafunzi huzunguka kwa upande wa magari yanayokimbia.

Tusisahau wajibu wa aendaye. Pasipo njia ya miguu, tembea upande wa kulia, ili gari lililo karibu nawe ulione likija. Mwenye baiskeli apande upande wa kushoto, awe na breki mbili nzima, kengele, taa mbele, na kiakisi chekundu nyuma. Usiku mtu avae nguo nyeupe au ashike tochi. Mzigo uwe ule ambao mkono unaumudu kwenye mteremko. Mwenye boda boda akumbuke kwamba babu wa kazi yake alikuwa mwendesha baiskeli. Asimsukume babu yake mtaroni.

Mwisho tujiseme wenyewe. Tunajua kwamba katika nchi hizi mbili wako wananchi wanaomkwepa askari wa barabarani, kwa sababu wamewahi kusimamishwa bila kosa, au baiskeli zao zikashikwa na kurudishwa kwa masharti yasiyoandikwa popote. Sare haimfanyi mtu kuwa mwema. Nasi hatuwezi kuwaomba mtuamini kuhusu vivuko huku mkituogopa kwenye kizuizi. Kwa hiyo tunaahidi mambo matatu ambayo mtaweza kuyapima. Tutatembea pamoja nanyi katika zile njia tatu, kwa miguu, si kwa gari. Majalada yetu yatatuonyesha mahali ajali hurudiarudia, nasi tutazipatia kamati zenu sehemu hizo, bila majina ya watu. Na saa za watoto kwenda na kutoka shuleni, askari atasimama penye hatari kuliko pote, wala hatasimama pale kukamata baiskeli.

Tukikutana tena hapa, msituulize tumekamata wangapi. Tuulizeni kama kijia cha yule mama kimefunguliwa, na kama mtoto wa darasa la kwanza anaweza kufika shuleni bila kushuka mtaroni. Tukishindwa kujibu, mtakuwa na haki ya kutulaumu. Na kama daftari la kijiji chenu liko tupu, nasi tutakuwa na neno la kuwaambia.

Boda boda ilianza kwa vijana wachache waliotazama umbali kati ya mpaka na mpaka wakaona kwamba unaweza kuvukwa. Umbali kati ya nyumba zenu na hospitali ya Masafu nao unaweza kuvukwa. Tuuvukeni pamoja, salama.