Mawe Manne na Kitanga cha Pili



Naanzia dukani. Muuza mchele ana mizani ya vitanga viwili, na anataka aweze kupima kilo yoyote kamili, kuanzia 1 hadi 40. Anahitaji mawe mangapi? Akiyaweka upande mmoja tu, hawezi kutumia chini ya sita: 1, 2, 4, 8, 16 na 32 yatamfaa. Mfaransa Claude-Gaspard Bachet, katika kitabu chake cha mwaka 1612, alionesha kuwa manne yanatosha: 1, 3, 9 na 27. Siri ni kwamba jiwe linaruhusiwa kukaa hata pamoja na mchele.

Tupime kilo 25. Jiwe la 27 na la 1 yanakaa kitanga cha pili, la 3 linakaa na mchele, la 9 linabaki mezani. Jiwe la kitanga cha pili naliandika 1, la mezani 0, lililokaa na mzigo M. Basi 25 ni 10M1. Huu ni msingi wa tatu, ila tarakimu zake si 0, 1 na 2 tulizozoea. Ni hasi moja, sifuri na moja.

Kila jiwe lina makao matatu, kwa hiyo mawe manne yana mipangilio 3 × 3 × 3 × 3, yaani 81. Namba kamili kuanzia hasi 40 hadi 40, sifuri ikiwemo, nazo ni 81. Je, mipangilio miwili yaweza kutoa uzito mmoja? Tazameni jiwe kubwa kuliko yote lililohama makao. Tuseme ni la 27: kuhama kwake kumebadili jumla kwa 27 au zaidi. Mawe madogo yote, hata yakiruka kitanga hadi kitanga, hayafidii zaidi ya 26. Deni halilipiki. Kila namba, basi, ina maandishi yake mamoja tu.

Sasa namba hasi. 14 ni 1MMM. Hasi 14 ni M111. Geuza mizani, umemaliza. Ile alama tunayowabandikia watoto mbele ya namba, na kuwatesa nayo, hapa haina kazi. Nimefundisha miaka mingi na jambo hili bado hunichekesha.

Shufwa na witiri je? Tarakimu ya mwisho haikwambii kitu. Kwa kuwa mawe yote ni witiri, hesabu tu alama zisizo sifuri: 25 ina tatu, ni witiri, 14 ina nne, ni shufwa.

Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Moscow, Nikolay Brusentsov na wenzake waliunda Setun, kompyuta iliyotumia msingi huu. Zilitengenezwa takriban 50, kisha basi. Kwa maoni yangu haikushindwa kihesabu. Viwanda vilikuwa vimeshazoea swichi yenye hali mbili.

Wanafunzi, nendeni mkaandike 100. Mtahitaji jiwe la tano, la 81. Mkihesabu alama zisizo sifuri mkapata idadi witiri, rudini mwanzo.