Filta ya kuosha au ya kutupa?

Kiangazi, barabara ya Kasongo hadi Kabambare ni vumbi jekundu tupu, na gari linalofuata lori hulimeza lote. Ndiyo maana filta ya hewa ya pamba, ile ya kuosha na kupaka mafuta, inavutia: unainunua mara moja, hungoji ya karatasi, ile ya kutupa, ifike kutoka Bukavu. Mimi hata hivyo nasimama na karatasi. Pamba hupitisha hewa kwa urahisi, lakini vumbi laini nalo hupenya likasaga pistoni na silinda. Ukizidisha mafuta, yanachafua sensa ya hewa. Karatasi, kadiri inavyoshika vumbi, huchuja vizuri zaidi, mpaka izibe. Ila madereva, msiipulize kwa kompresa kwa nguvu: ikitoboka, afadhali hata hiyo pamba.